Miaka 60 ya kumtafuta mtoto anayedumaa tumboni

Katika miaka ya 1960, mjamzito aliyeshukiwa kubeba mtoto asiyekua vizuri alikabidhiwa chupa kubwa katika hospitali za Ulaya na Marekani. Mkojo wake wote wa saa 24 ulikusanywa humo, kisha maabara ikapima homoni ya estrioli.

Egon Diczfalusy na wenzake, mjini Stockholm, walikuwa wameonyesha kwamba homoni hiyo hutengenezwa kwa ushirikiano. Malighafi hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo za mtoto, hupitia ini lake, na kondo la nyuma hukamilisha kazi. Ikipungua, huenda mtoto au kondo limeelemewa. Mwaka 1962, John Josimovich na Jean MacLaren wa Marekani walieleza homoni nyingine ya kondo, laktojeni, nayo baadaye ikapimwa katika damu.

Kisha vipimo vyenyewe vikatiwa kwenye mizani. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1976, uliohusisha wajawazito 622 walio hatarini, haukuonyesha kwamba kuwapa madaktari majibu ya estrioli kuliokoa watoto zaidi. Altrasaundi ilipoenea, chupa zile zikatoweka wodini.

Wakati huohuo dalili nyingine ilikuwa imeshapatikana, ila kazi yake haikujulikana. Mwaka 1974, watafiti wa Miami walitenga protini nne katika damu ya wajawazito, wakazipa herufi A hadi D. Mwaka 1999, wanasayansi wa Mayo Clinic walibaini kwamba ile ya kwanza, PAPP-A, hukata protini inayoshikilia kichocheo cha ukuaji kiitwacho IGF, na hivyo kukiachia kifanye kazi.

Mwaka 2002, Gordon Smith na wenzake walichapisha matokeo ya zaidi ya wajawazito 8,000 wa Uskoti. Waliokuwa na PAPP-A ndogo sana kati ya wiki ya 8 na ya 14 walikabiliwa zaidi na hatari ya mtoto kudumaa, kuzaliwa njiti au kufia tumboni. Mwaka uliofuata, kundi la Boston likaeleza jinsi protini ya sFlt-1, inayozidi kwa wenye kifafa cha mimba, hunasa PlGF, kichocheo cha mishipa ya damu kilichogunduliwa Italia mwaka 1991. Ugonjwa huo na kudumaa kwa mtoto vikaonekana kuwa na chimbuko la karibu: kondo lililojengeka vibaya.

Kipimo si tiba. Wanawake wengi wenye PAPP-A ndogo hujifungua watoto wazima, na hakuna dawa iliyothibitishwa ya kulifufua kondo dhaifu. Faida ya kipimo ni kujua nani afuatiliwe kwa karibu na lini azalishwe.

Zahanati zetu nyingi hazina vipimo hivi. Zina tepu ya kupimia tumbo, kadi ya kliniki na dawa ya kuzuia malaria, ugonjwa unaoshambulia kondo hilohilo. Lakini historia hii inatuhusu sote: mtoto anayeonekana mdogo mwezi wa nane huenda alianza kupungukiwa miezi mingi kabla. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka hudhurio la kwanza lifanyike ndani ya wiki 12, na ndiyo maana kusubiri tumbo lionekane ni kuchelewa.