Taarifa kwa vyombo vya habari

Taarifa kwa vyombo vya habari ni andiko fupi rasmi ambalo taasisi huwapelekea waandishi wa habari ili kutangaza jambo, kufafanua suala au kujibu tuhuma. Kuiandika vizuri ni stadi ya msingi ya ofisa uhusiano.

Chimbuko lake huhusishwa na Ivy Lee wa Marekani, aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya kuingia katika uhusiano wa umma. Tarehe 28 Oktoba 1906 treni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini karibu na Atlantic City, ikaua watu zaidi ya 50. Kampuni za reli zilizoea kuficha ajali. Lee, aliyekuwa akiishauri kampuni hiyo, aliandika maelezo ya ajali hiyo na kuyasambaza, na gazeti la The New York Times likayachapisha kama yalivyo.

Aya ya kwanza ya taarifa hueleza nani, nini, lini, wapi na kwa nini. Mengine hufuata kwa uzito wake, ili mhariri akikata mwisho, kiini kibaki. Nchini Tanzania, ofisi za serikali huitoa kwa jina la Taarifa kwa Umma, ikiwa na nembo, tarehe na cheo cha msemaji.

Umuhimu wa taarifa hizi huonekana zaidi wakati wa janga. Mwaka 1982, watu 7 walipokufa eneo la Chicago kwa vidonge vya kutuliza maumivu vya Tylenol vilivyotiwa sumu, kampuni yenye dawa hiyo, Johnson & Johnson iliwaonya wananchi waziwazi na kuondoa madukani chupa zipatazo milioni 31.