Parafujo

Neno parafujo, ambalo Waswahili wa pwani walilipokea kutoka kwa Wareno na ambalo neno skrubu lalisukuma kando siku hizi, lastahiki heshima ya kila fundi aungaye viunzi vya chuma chembamba kilichokunjwa kikiwa baridi; lakini nguvu ya kiungo haimo katika parafujo peke yake. Bamba likiwa jembamba, parafujo huinama kabla haijakatika, tundu likarefuka mfano wa yai, na meno ya parafujo yakachomoka. Kwa mujibu wa kanuni za Marekani, nafasi baina ya parafujo mbili haipungui kipenyo chake mara 3, na kutoka ukingoni mara 1.5. Basi, ewe fundi, upime kwanza unene wa bamba, ndipo uchague parafujo.