Milango ya Simbamwene

Ndugu msomaji, mtu wa pwani akidhikika moyo, akichoshwa na kelele za mji na hesabu za duka, macho yake huelekea baharini. Ndiyo desturi yetu tangu kale, wala si mbaya. Lakini leo nataka nikugeuze uso. Nakuomba uipe bahari mgongo, ushike njia ya Morogoro, yapata kilomita 190 kutoka Dar es Salaam, ukaitazame milima ya Uluguru. Na kabla hujafunga mzigo nikusimulie habari za mji uliokuwa chini ya milima hiyo, maana atembeaye bila ya habari huona mawe na miti tu.

Mji huo uliitwa Simbamwene. Aliyeuasisi ni Kisabengo, Mzigua kwa asili, mtu mwenye nguvu na ulimi mtamu, na tena mtu wa kuogopwa. Alijikusanyia watumwa waliowatoroka mabwana zao, wakamfanya kiongozi wao. Alipotafutwa na Sultani wa Unguja alikimbilia bara, akawapokonya Wakami bonde la mto Ngerengere, akakaa hapo. Basi fikiri, ndugu yangu: mji ambao leo ni Morogoro ulianzishwa na watu waliokuwa wakizikimbia nyumba za pwani, yaani nyumba za babu zetu. Wala usidhani kuwa walipopata uhuru waliwaachia wengine uhuru wao. Kisabengo naye aliteka na kuuza watu. Historia haitupi wema upande mmoja na wabaya upande wa pili, na mwenye kuitaka hivyo asiisome.

Mwaka 1871 alipita hapo Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, akielekea bara kumtafuta Livingstone. Kisabengo alikuwa amekwisha kufa, na aliyetawala ni binti yake, aliyeitwa kwa jina lile lile la mji. Stanley alikuta mji wa pembe nne, kila pembe ina mnara wa mawe, na malango manne yaliyoelekea mashariki, magharibi, kaskazini na kusini. Huyu Stanley si mtu wa kusadikiwa kila neno, hasa anapowapima watu weusi kwa mizani yake. Lakini alisimama mbele ya malango yale akaeleza alichokiona: milango ya mbao ngumu, iliyochorwa nakshi nyembamba na nyingi, kama ile ya Unguja. Akadhani ilichongwa pwani ikapelekwa ubao kwa ubao. Kisha akajirudi, akasema huenda mafundi walikuwa ni wa hapo hapo, maana aliona milango ya namna hiyo katika nyumba nyingine kubwa pia. Na nyumba ya mtawala ilikuwa na baraza mbele, kama zetu.

Mimi hupenda sana jambo hili la milango. Wale watu walitukimbia, na walipopata mji wao wakaupamba kwa mapambo yetu.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Aprili 1872 ilivuma tufani kubwa katika Unguja. Iling'oa mikarafuu na minazi, ikavunja majahazi bandarini, hata kilimo cha karafuu kikahamia Pemba kwa sehemu kubwa tangu siku hizo. Habari hii wazee wetu waliisimulia sana. Lakini ni wachache wanaojua kwamba majira hayo hayo mvua ilishuka Uluguru, mto ukafurika, na Stanley alipokuwa akirudi pwani aliukuta ule ukuta wa mbele wa Simbamwene umechukuliwa na maji, pamoja na nyumba kama hamsini. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo alikuwa ameusifu ukuta huo kuwa ni sawa na ngome za Uajemi.

Kwa hiyo ukifika Morogoro leo usiulizie minara ile. Simama katika baraza yoyote ya mji, inua macho. Utaona kilele cha Lupanga, mita 2,138, kimevaa wingu asubuhi na kulivua adhuhuri. Upande wa kusini kipo Kimhandu, kinachozidi mita 2,600. Huko juu msitu haujawahi kukauka tangu zama ambazo hesabu zetu hazifiki, kwa kuwa mvuke wa Bahari ya Hindi huupanda mlima ule ukageuka mvua. Miteremko ya mashariki, inayotazama kwetu, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ya magharibi hupata mvua pungufu ya hiyo. Yupo huko ndege mmoja mwenye kichwa cheusi na kifua cha manjano, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Anaishi juu ya miti mirefu, na wengi waliokwenda kumtafuta waliambulia sauti yake tu.

Na maji? Maji hushuka Ruvu. Ruvu hupita tambarare, huchotwa ukapewa mji wa Dar es Salaam, na yanayobaki humwagika baharini karibu na Bagamoyo. Kata unayotia udhu Kariakoo au Ilala, asili yake ni ukungu wa Uluguru, na asili ya ukungu huo ni bahari iliyo mbele ya mlango wako. Mimi sijui darsa la kutuliza moyo lililo bora kuliko kukaa juu ya jiwe kando ya kijito, njiani kwenda kwenye ile nyumba ya Wajerumani iitwayo Morningside, ukayatazama maji hayo yakiwa bado membamba kama uzi.

Lakini usiwasahau wenye mlima. Waluguru maana yake ni watu wa mlimani, na kupanda kwao juu hakukuwa kwa ajili ya kupenda mandhari. Mlima ulikuwa kinga dhidi ya wavamizi na wauzaji wa watu. Katika miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha kukata matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, udongo mzuri ukafukiwa chini, mavuno hayakuongezeka. Mwaka 1955 watu wa Matombo walikataa, polisi wakapiga risasi, mtu akafa. Amri ikaondolewa, ila tatizo la udongo likabaki. Mwaka 2008 zaidi ya hekta 24,000 za msitu zilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, na wakulima wanaishi mpakani mwake, wakilima ndizi, mboga, na huko mashariki hata karafuu, mdalasini na pilipili manga. Ukimkuta mama wa Kiluguru anateremka na tenga kichwani, mpishe njia umsalimu kwanza. Huenda mdalasini wa pilau yako umetoka shambani kwake.

Safari yenyewe si ngumu. Tangu Juni 2024 treni ya umeme hufika Morogoro kwa muda wa saa mbili hivi, na kwa masafa hayo msafiri anayo ruhusa ya kufupisha sala. Chukua koti, maana baridi ya juu haina mzaha. Ukitaka kuingia msituni chukua kibali na mwongozaji, umlipe haki yake bila kumpunja.

Na wakati wa kwenda, treni itakapovuka Ruvu, waite watoto dirishani wakatazame rangi ya maji. Yakiwa ya udongo mwekundu, waambie ni shamba la nani linalopita pale.