Hadhira au Waitikiaji?

"Onyesho la ngoma na simulizi kwa hadhira ya rika zote." Tangazo la namna hii limejaa Kiswahili, na bado sioni ndani yake watu wanaopiga makofi na kujibu. Tuyapime maneno yake, sisi walinzi wa lugha.

Ngoma kwanza. Ni chombo chenye ngozi, ni uchezaji, ni wimbo, ni mkusanyiko wenyewe. Mtu akisema anakwenda ngomani, hatumuulizi kama ni kupiga, kucheza au kutazama. Kwa Wagogo wa Dodoma, muheme ni jina la ngoma wanayoipiga wanawake na la mchezo wake pia. Burundi na Rwanda, ingoma ni ngoma na ni ufalme. Vijana wa mjini nao wameongeza maana yao: "ngoma mpya" ni wimbo uliotoka studio juzi. Neno lenye nafasi kubwa hivi linahitaji "onyesho" la nini?

Maana onyesho limezaliwa na kuona. Linayapa macho kazi, viungo vingine vinapumzika. Tamasha, lililotujia kutoka Uajemi, nalo kiini chake ni kutazama. Bagamoyo wana tamasha lao la kila mwaka pale TaSUBa, taasisi ya sanaa, na jina limekwisha kuzoeleka, hilo siligusi. Ila mtu akiwaita watoto na bibi zao waje wapige na wajibu, aseme "ngoma" tu. Imetosha.

Nami nina ugomvi mdogo na "ngoma kubwa" na "ngoma ndogo". Tuna vumi, na sikio linasikia humo kuvuma. Tuna chapuo, yenye kuchapua, ile ndogo inayowaharakisha wachezaji. Tuna msondo, ndefu ya kusimama. Anayewafundisha watoto awape majina haya kabla ya kuwapa mkwiro.

Simulizi na msimulizi ni maneno mazuri, ila ya upole mno. Shahidi mahakamani husimulia. Abiria aliyeibiwa husimulia. Hadithi hutambwa, na kutamba ni pia kujigamba, kujimwaga mbele za watu bila haya. Ndiyo maana namchagua mtambaji: ana sauti ya fisi, ana mwendo wa kobe, ana ujeuri kidogo. Fanani, ndugu wa fani, abaki darasani na kwenye mitihani ya fasihi simulizi. Sijapata kusikia mtoto akimwomba fanani hadithi.

Neno linalonikera hasa ni hadhira. Ni ndugu wa hudhuria na mahudhurio: kilichotakiwa ni mwili kuwapo. Aliyehudhuria anaweza kusinzia na bado akahesabiwa. Lakini mtambaji akiita "Paukwa!" na asisikie "Pakawa!", hadithi haianzi. Ataita tena, mpaka wajibu. Ngomani ni hivyohivyo: manju hutoa wimbo, wengine wakaupokea. Hao lugha inawaita waitikiaji. Neno hili liko tayari, halina shaka ya ugeni, na linafaa ngoma na hadithi kwa pamoja. Hadhira tuwaachie wasikilizaji wa mihadhara, neno ambalo nalo ni ndugu yake wa mzizi.

"Rika zote" lina kasoro mbili. Ya sarufi ni ndogo: rika kwa asili ni la ngeli ya li- na ya-, hivyo marika yote. Ya maana ni kubwa zaidi. Rika ni watu wa umri mmoja, waliotahiriwa pamoja au waliochezwa unyago pamoja. Neno lenyewe hutenga. Kwa shughuli inayomkalisha mjukuu kando ya babu, Kiswahili kina "wakubwa kwa wadogo", msemo usiomtenga mtu.

Limebaki fumbo moja. Ngoma ya Wamandinka, ile ya Mali na Guinea inayopendwa sana na wafundishaji wa leo, huandikwa djembe. Tukiitohoa kwa kanuni zetu inakuwa jembe, na mwalimu anayewaambia watoto "kila mtu ashike jembe lake" atawapeleka shambani. Umbo lake lanishawishi: gogo moja lililochongwa, pana juu, jembamba chini, mithili ya kinu. Napendekeza ngomakinu. Mwenye neno bora alilete, mradi liweze kutamkwa na mtoto wa miaka mitano huku mikono ikiwa juu ya ngozi.