Allie Sherman

Allie Sherman (1923–2015) alikuwa mchezaji na kocha wa futiboli ya Kimarekani, mzaliwa wa Brooklyn, aliyeinoa New York Giants kuanzia 1961 hadi 1968.

Alijiunga na Philadelphia Eagles mwaka 1943 akiwa kwotabeki, yaani mchezaji anayeanzisha mashambulizi. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imewachukua wachezaji wengi jeshini, hata Eagles na Pittsburgh Steelers zikacheza msimu huo kama timu moja, iliyobandikwa jina la Steagles. Sherman alicheza hadi 1947, mara nyingi akiwa wa akiba. Mtaji wake ulikuwa kichwa zaidi ya mkono.

Alifundisha Winnipeg Blue Bombers nchini Kanada (1954–1956) kabla ya kukabidhiwa Giants. Katika misimu 3 ya kwanza alitwaa ubingwa wa kanda ya mashariki kila mwaka, lakini fainali zote zikamshinda: mbili mbele ya Green Bay Packers, ya kwanza kwa 37–0, na ya 1963 mbele ya Chicago Bears, 14–10. Mwaka 1964 alimwachia Sam Huff, mlinzi kipenzi cha mashabiki, aende Washington. Giants ikashinda mechi 2 tu kati ya 14. Majukwaa yakaanza kumwimbia nyimbo za kumuaga. Alifutwa kazi 1969, msimu haujaanza.