Sanduku la Posta Halikuhama

Hadi mwaka 1977, barua iliyofika Kibondo ilipita mikononi mwa shirika la nchi tatu: Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika mwaka huo, na Tanzania ikaunda shirika lake la Posta na Simu. Mwaka 1994 nalo likagawanywa, Posta ikaenda kivyake na simu zikaenda kwa TTCL. Ni mabwana watatu katika muda usiofika hata miaka ishirini. Mwenye sanduku pale Kibondo hakulazimika kuwaandikia ndugu zake kuwaarifu lolote. Sanduku ni kijumba cha chuma ukutani, ufunguo unao wewe, namba imebandikwa mlangoni. Kilichobadilika ni nembo juu ya risiti ya ada.

Ninaanza na posta kwa sababu tunapenda kuicheka. Kizazi chetu kinaitaja S.L.P. kana kwamba ni kitu cha babu, kitu cha kujaza kwenye fomu ya ajira ili karani asiirudishe. Lakini nimekaa miezi kadhaa nikisoma barua za ofisi za Kasulu na Kibondo kwa ajili ya tasnifu yangu ya umahiri, na katika vichwa vya barua hizo S.L.P. ndiyo peke yake ambayo sikuikuta imekatwa kwa kalamu.

Simu zilikatwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 misimbo ya mikoa ilipangwa upya: Dar es Salaam ikatoka 051 ikawa 022, Kigoma ikaingia 028 pamoja na mikoa ya Ziwa. Ofisi iliyokuwa na ramu nzima za karatasi zilizochapwa haikuzitupa. Ilichonga muhuri wa mpira na kugonga namba mpya juu ya ile ya zamani. Zikaja simu za mkononi, nazo katikati ya miaka ya 2000 zikabadilishwa mwanzo: 0744 ikawa 0754, 0748 ikawa 0784. Usumbufu, ndiyo, lakini wa mara moja, na uliotangazwa nchi nzima. Baada ya hapo angalia kilichotokea. Celtel ikaitwa Zain mwaka 2008, ikaitwa Airtel mwaka 2010, na mkulima wa Makere mwenye 0784 hakubadilisha tarakimu hata moja. Namba ilitoka katika mpango wa taifa. Kampuni ilikuwa mpangaji tu ndani ya nyumba ya namba hizo.

Barua pepe ilikuja na tabia nyingine kabisa. Kwenye vichwa vya barua vya Tanzania vya mwisho wa miaka ya 1990, baada ya alama ya @ utakuta raha.com, twiga.com, africaonline.co.tz. Yaani jina la aliyekuuzia intaneti lilikuwa nusu ya jina lako. Africa Online, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1994 na vijana watatu wa Kenya waliokuwa wakisoma Marekani, ikaenea nchi kadhaa za Afrika, ikanunuliwa na Telkom ya Afrika Kusini mwaka 2007, kisha ikaunganishwa na MWEB Africa na kuitwa iWayAfrica. Ni historia ya kawaida ya biashara. Ila fikiria posta ingekuwa hivyo: kila shirika likibadilika jina, sanduku lako linang'olewa ukutani, na wewe ndiye unayepita mlango kwa mlango kuwaeleza watu mahali ulipohamia.

Hapa lazima nieleze kidogo jinsi mitambo ilivyofanya kazi, maana bila hilo huwezi kuelewa kilichopotea. Programu ya barua pepe kwenye kompyuta ya ofisi ilihitaji kuambiwa seva mbili. Ya kwanza ni ya kupokea, na kwa miaka mingi ilitumia utaratibu unaoitwa POP. Ya pili ni ya kutuma, SMTP. Ofisi ikihama mtoa huduma, ilikuwa rahisi kudhani kwamba unaweza kuendelea na anwani ileile ya zamani, na kweli kwa muda iliwezekana: barua ziliendelea kuingia, mradi akaunti ililipiwa. Kutuma ndiko kulikogoma. Seva ya kutuma ya kampuni ya zamani iliwakataa watu waliotokea nje ya mtandao wake, kwa kuogopa watuma taka. Kwa hiyo fundi aliingia kwenye mipangilio, akaacha seva ya kupokea ya kampuni moja na kuweka seva ya kutuma ya kampuni nyingine, na ofisi ikaishi hivyo, mguu mmoja hapa mguu mmoja kule, mpaka akaunti ya zamani ilipokufa.

Na POP ilikuwa na desturi moja mbaya kwa mtu wa historia. Ilichukua barua kutoka kwenye seva, ikazishusha kwenye kompyuta, na kama hakuna aliyeweka alama kwenye kisanduku cha kuacha nakala, ikazifuta huko zilikotoka. Kwa wakati ule ilikuwa busara: nafasi kwenye seva ilikuwa finyu, na dakika za kupiga simu kwa modemu zililipiwa. Matokeo yake, barua zote za ofisi zilikaa mahali pamoja, ndani ya folda iliyofichwa ya kompyuta moja, katika miji ambayo umeme wake kwa miaka mingi ulitoka kwenye jenereta za dizeli. Kompyuta ikishikwa na virusi, fundi anapiga Windows upya. Nyaraka za mezani zinanusurika kwa sababu kila mtu anaziona. Folda iliyofichwa hakuna anayeikumbuka.

Ninachotafiti ni jinsi kambi zilivyofungwa. Nyanda za juu za Kigoma zimepokea wakimbizi kwa mawimbi: Warundi wengi baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye Oktoba 1993, Wakongo waliofunguliwa Nyarugusu mwaka 1996, kisha Warundi tena kuanzia 2015. Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa Desemba 2012. Nyuma ya kila kufungwa kuna maswali ambayo watu bado wanayauliza: nani alihojiwa, nani alikata rufaa, nani aliamua kwamba familia hii bado inahitaji hifadhi na ile haihitaji. Majibu yake yalikuwa katika mawasiliano ya kila siku baina ya maofisa, mashirika na wizara.

Ya miaka ya 1990 yapo. Yamechapwa kwa taipureta na kutobolewa matundu mawili, yana namba ya folio kwa wino mwekundu. Hata faksi zipo, ingawa zile za karatasi ya joto zimefifia mpaka unainamisha ukurasa dirishani kutafuta kivuli cha maneno. Kuanzia miaka ya 2000 jalada linaanza kukonda. Barua bado zipo, zenye kumbukumbu namba na YAH iliyopigiwa mstari, ila aya ya kwanza inasema: tafadhali rejea barua pepe yako kuhusu somo tajwa hapo juu. Ukurasa unaofuata ni hati ya mafuta ya gari. Uamuzi wenyewe ulifanyika kwenye barua pepe, na kilichobaki ni karatasi inayouthibitisha bila kuusema. Katika ofisi moja niliomba kuona kompyuta za wakati huo. Nilipelekwa stoo, nikaonyeshwa monita tatu za kioo kikubwa. Maboksi yenyewe yalishauzwa kwa mnada.

Wapo walionusuru. Kuna jalada moja ambalo mtunza masijala alichapa kila barua pepe iliyoingia, akaipa folio kama barua nyingine. Wenzake walimwona anamaliza wino bure, na kusema kweli ningekuwa mhasibu wake ningelalamika pia. Kwenye karatasi zake unaweza kufuatilia mtu yuleyule akihama kutoka anwani moja kwenda nyingine, mpaka ujumbe mmoja ambao pembeni yake ameandika kwa kalamu: anwani ya zamani isitumike.

Nimesikia ikisemwa kwamba huo ni uzembe wa Waafrika kutotunza kumbukumbu. Sikubali. Uzembe haufuati tarehe za mikataba ya intaneti. Tatizo ni kwamba haki ya kuhama na anwani yako haikuwahi kuwekwa. Kwenye simu iliwekwa: tangu Machi 2017, Mtanzania anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba yake, kwa kanuni inayosimamiwa na TCRA, na kampuni zote zinalazimika kumpisha. Kwenye barua pepe hakuna kanuni ya namna hiyo. Kuna njia moja tu, nayo ni kumiliki jina lililo baada ya @. Mwenye jina lake mwenyewe akibadili mtoa huduma, anaelekeza tu rekodi za jina hilo kwenye seva mpya. Anayemwandikia hajui kama kuna kitu kimetokea.

Serikali imefika huko, kwa kuchelewa. Barua za halmashauri ambazo zamani zilimaliziwa na anwani ya Yahoo au Gmail ya mtu binafsi (akihamishwa kituo, anaondoka nayo) sasa zina kasuludc.go.tz na kibondodc.go.tz. Ni badiliko ambalo halijatungiwa shairi na mtu, lakini mwanafunzi wa historia wa mwaka 2060 atalishukuru, ikiwa seva zitatunzwa. Asasi ndogo na vyama vya ushirika bado viko kwenye Gmail, na Mei 30, 2022 vingi viliamka na kukuta programu ya zamani ya kompyuta inaomba neno la siri tena na tena, haliridhiki. Google ilikuwa imeacha kupokea neno la siri tupu kutoka kwa programu za nje. Microsoft ilifanya vivyo hivyo kwa Outlook.com Septemba 2024. Kwa upande wa usalama wana hoja nzuri. Lakini hoja hiyo haimwambii katibu wa kikundi cha wafuga nyuki Kibondo aingie wapi kubadilisha nini, wala hakuna tangazo redioni kama lile la 0744.

Waliobaki na jambo kubwa zaidi la kupoteza hawana hata ofisi. Kwa mkimbizi, kambi ndiyo anwani: jina la kambi, zoni, kijiji, namba ya nyumba. Kambi ikifungwa, anwani inafutika na ardhi inarudi kuwa msitu. Ndiyo maana anwani ya Yahoo iliyofunguliwa kwenye intaneti kafe ya Kasulu ilikuwa kitu cha ajabu. Haikutaja mahali. Mtu aliondoka nayo Nyarugusu akafika nayo Ohio, na ndugu aliyebaki, au aliyerudi Fizi au Makamba, alijua pa kumtafuta. Kwa miaka kadhaa hiyo ndiyo anwani pekee ya kudumu ambayo familia nyingi ziliwahi kuwa nayo.

Kudumu kwake kulikuwa na masharti yaliyoandikwa mbali. Tangu Desemba 2023 Google inafuta akaunti ambazo hazijafunguliwa kwa miaka miwili. Yahoo hungoja miezi kumi na miwili tu. Ukitaka kurudishiwa neno la siri, msimbo unatumwa kwenye namba ya simu uliyoiandika siku ya kwanza, na laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa nchini Januari 2020. Mtu aliyekaa miaka mitatu kijijini bila intaneti anarudi mjini na kukuta milango yote miwili imefungwa, na barua alizoandikiwa ziko upande wa pili.

Kwa hiyo Nyarugusu bado kuna karatasi ya Msalaba Mwekundu. Ni barua ya wazi, ya habari za kifamilia tu, inayosomwa kabla ya kupelekwa. Mahali ambapo mtu hana anwani, inatafutwa kwa jina lake, jina la baba, jina la mama, mahali alipozaliwa na alipoonekana mara ya mwisho. Mjumbe huchukua orodha ya majina, huibandika ubaoni, na huzunguka akiuliza.