Kibodi Haikutengenezewa Watu Wawili

Wasee, kuna swali moja ambalo karibu kila mtu anayeanza kutengeneza gemu huniuliza: "Mbona mchezaji wa pili akibonyeza, wa kwanza anasimama?" Umeandika gemu yako ya kwanza, kitu kama Pong. Mmoja anatumia W na S, mwingine anatumia mishale. Akicheza mtu mmoja, iko fiti. Mkishika vitufe wote wawili, kibao cha mmoja kinaganda katikati ya skrini kama matatu iliyoishiwa na mafuta Thika Road.

Wengi hapo huamua kwamba hawana kichwa cha programu, wanafunga laptopu na kurudi TikTok. Mimi nakataa. Shida hiyo ni ya zamani kuliko wewe, kuliko kompyuta, hata kuliko reli kufika Nairobi. Hebu tuifuate tangu mwanzo.

Mwaka wa 1874, kampuni ya Remington kule Marekani ilianza kuuza taipureta ya Christopher Latham Sholes. Kila kitufe kilisukuma mkono wa chuma ukaenda kugonga karatasi. Bonyeza viwili kwa pamoja, mikono inagongana na kukwama. Kwa hivyo sheria ilikuwa rahisi: mtu mmoja, herufi moja, halafu nyingine. Mwaka wa 1878 ikaja Remington nambari 2 ikiwa na Shift, kitufe ambacho kazi yake yote ni kushikwa wakati kingine kinabonyezwa. Lakini hata hapo, mwenye vidole ni yuleyule mmoja. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja wawili wangekaa mbele ya vitufe hivyo wakipigana.

Sasa cheki walioanzisha gemu. Oktoba 1958, William Higinbotham wa maabara ya Brookhaven alitengeneza Tennis for Two ili kuwafurahisha wageni. Kila mchezaji alipewa kidhibiti chake, chenye kinobu na kitufe. Kibodi haikuwepo kabisa.

Mwaka wa 1962 pale MIT, Steve Russell na wenzake wakawa na Spacewar!, vita vya meli mbili za angani kwenye kompyuta ya PDP-1. Mwanzoni walicheza kwa swichi za mashine yenyewe. Viwiko viliuma, na zaidi ya hapo, swichi zilikuwa zimekaa vibaya hivi kwamba mchezaji mmoja alibaki upande, haoni skrini vizuri kama mwenzake. Si haki, sivyo? Alan Kotok na Robert Saunders wakaunda vidhibiti tofauti vya kushika mkononi. Mwaka wa 1972 Atari ikaleta Pong, na kila mtu akawa na kinobu chake tena.

Umeona mtindo huo? Watu wa kwanza kabisa walijua kwamba wachezaji wawili wanahitaji njia mbili za kuongea na mashine. Halafu kompyuta zikaingia nyumbani, na wawili wakaanza kugawana kibodi moja, ile ile yenye tabia za taipureta.

Tabia ya kwanza ni kurudia. Shika herufi A kwenye ukurasa wa kuandika. Inatokea moja, inanyamaza kidogo, halafu inamiminika: aaaaaaa. Ukiwa bado umeishika, mwenzako ashike L. A inakoma, L inachukua nafasi. Mashine hurudia kitufe cha mwisho tu. Kwa mtu anayeandika barua, hiyo ni sawa kabisa. Kwa Pong yako, ndiyo sababu kibao kinaganda: uliambia programu isogee kila inapopokea herufi, na herufi zako zimekatwa na mwenzako.

Dawa yake ilikuwepo tangu IBM PC ya 1981. Kibodi yake hutuma namba mbili kwa kila kitufe: moja kikishuka, nyingine kikiachiliwa. W ikibonyezwa inatuma 17. Ikiachiliwa inatuma 145, yaani 17 ujumlishe 128. Waliotengeneza gemu za zama hizo waliacha kusubiri herufi. Waliweka orodha yao: kitufe kikishuka, andika "kimeshikwa", kikipanda, futa. Kisha kila picha mpya inapochorwa, unaiuliza orodha nani ameshika nini. Hakuna kusubiri, hakuna kukatwa.

Mpaka leo ni hivyo. Pygame ina orodha hiyo tayari. Kwenye Scratch, achana na bloku inayoanza kazi kitufe kinapobonyezwa. Tumia ile inayouliza kama kitufe kimeshikwa, uiweke ndani ya mzunguko usioisha. Ni badiliko la dakika tano.

Tabia ya pili iko kwenye waya. ZX Spectrum ya 1982 kutoka Uingereza ilikuwa na vitufe 40. Badala ya waya 40, walitumia gridi: mistari 8 ikikutana na mingine 5, jumla waya 13. Bei ilishuka, na karibu kibodi zote za bei nafuu leo zinatumia gridi. Shida ni kwamba ukishika vitufe vitatu ambavyo ni pembe tatu za mstatili kwenye gridi, umeme unazunguka na mashine inadhani hata pembe ya nne imebonyezwa. Hicho ndicho kitufe cha mzuka. Kibodi ghali huweka diodi kwenye kila kitufe ili umeme usirudi nyuma. Ile rahisi huona mambo yanachanganyika na inakataa tu kitufe cha tatu. Hapo hata programu yako iwe safi vipi, haitapokea kitu ambacho hakikutumwa.

Unataka kujua yako ikoje? Shika Shift zote mbili, halafu andika alfabeti nzima. Herufi zisizotokea, hizo kibodi yako imezimeza.

Ya tatu ndiyo hunikasirisha, kwa sababu hii haiko kwenye mashine. Iko kwenye mistari yetu. Mtu anaandika: kama W imeshikwa, sogeza wa kwanza, la sivyo, kama mshale umeshikwa, sogeza wa pili. Soma tena hilo "la sivyo". Maana yake ni kwamba wa pili atasikilizwa wakati tu wa kwanza amepumzika. Umetunga sheria ya upendeleo na hukujua. Yule dogo wa upande wa mishale anapigwa mechi baada ya mechi, anachekwa, anaambiwa hajui gemu, kumbe programu haikuwahi kumsikiliza. Tenganisha maswali hayo mawili, kila mchezaji awe na "kama" yake.

Kuna wanaosema haya yamepitwa na wakati, kila mtu anunue padi au acheze mtandaoni. Sawa, lakini wanaongea na nani? Kwa mitaa yetu kompyuta moja ina watu watatu wanaosubiri zamu, iwe kwa saiba, kwa maabara ya shule au kwa sebule ya binamu. Fireboy and Watergirl, iliyotoka 2009, ilipendwa kwa sababu haikuitisha kifaa kingine: mishale kwa mmoja, W, A na D kwa mwenzake. Vitufe vitatu kila mtu. Kadiri mnavyoshika vichache kwa pamoja, ndivyo mzuka anavyokosa nafasi. Huo ni ubunifu unaoheshimu kibodi ya mtu asiye na pesa ya kununua nyingine.

Kwa hivyo ukitengeneza gemu ya wawili, usiijaribu peke yako kwa mikono miwili. Ita mtu. Mwambie ashike vitufe vyake vyote na wewe ushike vyako. Kisha badilishaneni pande. Kama anayekaa upande fulani ndiye anashindwa kila mara, usimcheke. Fungua programu yako uangalie ni nani ulimweka nyuma ya "la sivyo".